Jukwaa Aliloshukia Mama

Sebuleni kwetu, hapa Mtanda, Lindi, kuna reli. Nasema reli, sisemi midoli, maana nimechoka. Imelala juu ya mlango wa zamani wa chooni niliouwekea miguu ukawa meza. Vyuma vyake ni mbavu za miavuli iliyokufa, mataruma yanayobeba vyuma hivyo ni njiti za kiberiti, magurudumu ya mabehewa ni vifungo vya koti, na mota ya kuvuta nimeitoa kwenye redio ya kaseti. Treni inazunguka vizuri tu, ila kwenye kona ya dirishani inataka kusukumwa kwa kidole. Inasimama kwenye stesheni moja, na stesheni hiyo ina jukwaa la mbao. Anayetaka kucheka acheke amalize, ndipo tuendelee.

Mimi ni fundi cherehani. Niliachika, nikarudi kwa Mama na cherehani yangu na sanduku moja. Watu wa mtaani wakaniangalia kwa jicho la huruma kwa muda, halafu wakazoea, wakaanza kuniletea sare za watoto nishone. Kaka yangu mkubwa, dereva wa malori aliyestaafu, anakaa mtaa wa pili. Kila Ijumaa akitoka msikitini alikuwa anapita kutujulia hali na kutupangia maisha.

Yote yalianza na simu. Mama macho yalikuwa yamemwisha kwa mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu, na habari za kupasuliwa alikuwa hataki hata kuzisikia. Siku hiyo mimi natafuta mishono ya magauni, mara ikajileta video ya mzee mmoja wa Kizungu aliyejenga reli ndogo ndani ya banda lake. Ana milima, ana miti, ana vituo. Lugha yake sikuielewa vizuri, lakini alikuwa anaonyesha picha za majukwaa ya zamani ya mbao, kisha anaonyesha la kwake aliloliiga, na uso umemjaa raha. Mama akauliza ni kitu gani kinalia chuku chuku. Nikamsimulia ninachokiona.

"Hilo jukwaa la nini? La saruji?"

"La mbao, Mama. Limeinuliwa kwa nguzo."

"Basi ndiyo kama ule ulingo wetu," akasema, akaendelea kuchambua mchele kwa vidole.

Ulingo upi tena? Miaka yote hiyo sikuwahi kuisikia habari hiyo. Nilijua kwamba zamani, kabla sijazaliwa, kulikuwa na reli kutoka bandari ya Mkwaya kupanda bara kuelekea Nachingwea, na kwamba iling'olewa. Hiyo kila mtu Lindi anaijua. Sikujua kwamba mama yangu aliipanda siku ya harusi yake.

Alikuwa binti wa huko huko Mkwaya, na Baba alikuwa mtu wa upande wa Nyangamara. Wakampeleka kwa gari la moshi, yeye na somo wake, yaani yule mama aliyemfunda, pamoja na mashangazi na vigoma vyao. Wakashuka kituo kidogo porini. Jukwaa lilikuwa la mbao tupu, limesimama juu ya nguzo, limepakwa lami ili mchwa wasilile. Bibi harusi hakanyagi chini, kwa hiyo somo alikuwa anatandika kanga mbele, Mama anakanyaga, kanga ya nyuma inaokotwa inatandikwa tena mbele. Jua lilikuwa limeilainisha lami, kanga zikawa zinanata. Somo anavuta, kanga haitoki, mashangazi wanapiga vigelegele huku wanatukana kwa sauti ya chini. Mama akinisimulia hayo alicheka mpaka akamwaga mchele.

Ijumaa Kaka akapita, nami kwa furaha zangu nikamsimulia. Akatikisa kichwa.

"Jukwaa la mbao, Lindi hii? Kwa mchwa gani? Nimeendesha lori njia zile tangu ujana wangu. Kote reli ilikopita ni tuta la udongo na kokoto. Mama, umri huo. Unachanganya na ulingo wa kulindia nguruwe shambani."

"Baba," Mama akamjibu, maana hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita mwanawe, "mimi nilifunikwa gubigubi. Nimeambiwa nisiinue uso, nikiinua nimewaaibisha wazazi wangu. Sikuuona mji, sikuwaona wakwe, baba yako mwenyewe sikumwona mpaka usiku. Kitu nilichokiona siku ile ni mbao. Mbao, na nafasi kati ya mbao, na mbuzi wamejikinga jua huko chini wananitazama. Sasa wewe uniambie mimi sizijui mbao zile?"

"Na hiyo kanga yenye lami iko wapi tuione?"

"Ilikwisha ikawa nepi zako."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kaka hakucheka. Akaaga, akavaa makubazi yake, na mlangoni akaninong'oneza nisimtie Mama maneno kichwani. Mimi! Mtu aliyekuwa amesikia kwa mara ya kwanza siku tatu zilizopita! Hapo ndipo nilipoamua. Kama mzee wa Kizungu anaweza kukaa bandani akaiga jukwaa la kwao na watu wakamtazama dunia nzima, na mimi nitaliiga la mama yangu, na kila anayeingia kunywa maji ndani ya nyumba hii atalipita.

Mbao nilizipata kwa mafundi wa samani wa jirani, vipande vya mninga wanavyotupa. Nikazipasua nyembamba kwa kisu na wembe, nikazipigilia kwa pini za kushonea nilizozikata vichwa. Kwa kipimo, hatua moja ya Mama niliifanya upana wa vidole viwili. Nilipomaliza la kwanza nikamwekea mapajani, nikasubiri sifa. Akapitisha vidole.

"Umezilaza vibaya. Mbao zilikuwa zinakata njia, hazikufuata njia. Na hizi umezibana. Mbuzi nitawaonea wapi?"

Nikabomoa. Nikajenga la pili, akasema upande mmoja kulikuwa na mteremko wa kupandishia mizigo, mimi nimeweka ngazi. La tatu akasema ni refu mno, gari lenyewe lilikuwa na behewa moja la watu, mengine yote ya mizigo, la nini jukwaa la kutosha jeshi. Basi kila jioni baada ya kazi tunabishana, mimi nimejaa unga wa mbao mpaka kwenye nyusi, yeye kaidi kuliko mimi. Sijapata kuwa na raha kama ile, hata nilipokuwa na mume.

Kaka alipoona jambo linakua, akaazima pikapu, akasema twende mimi na yeye tukaangalie, tumalize ubishi. Tukaenda mpaka upande wa Nyangamara, tukaulizaulizia, tukaonyeshwa shamba la mikorosho. Mwenye shamba, mtu mpole, akatupeleka kwenye tuta refu lililonyooka katikati ya mikorosho yake. Akasema wazee walimwambia reli ilipita hapo na kituo kilikuwa hapo. Mbao? Hana habari za mbao. Kaka akachimbua kwa ncha ya kiatu. Udongo, kokoto, udongo.

"Umeona?"

"Nimeona nini? Ulitaka mbao zikusubiri? Kijiji kizima kinataka vitanda na milango, reli imekufa, mbao nzuri za lami zimelala porini hazina mwenyewe, halafu watu waziache?"

"Kwa hiyo huna ushahidi."

Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na Mama. Nikamwambia hivyo hivyo, mbele ya mwenye shamba, nikapanda pikapu.

Ubaya ni kwamba Kaka alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwa Mama. Akamwambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi: "Mama, tumekwenda mpaka penyewe. Hakuna mbao pale." Mama akasema, "Mmekwenda kutafuta mbao. Mimi nipo hapa, kuniamini mmeshindwa." Akaomba apelekwe kulala, na jua lilikuwa bado halijazama.

Kuanzia hapo akawa hasimulii. Nikimwekea jukwaa mapajani ananiambia liondoe mwanangu, linanichoma. Kitu kimoja alichokuwa nacho, siku moja ya kupigiwa vigelegele kabla ya jembe na watoto na ujane, mwanawe wa kwanza alikuwa amemwambia haikuwa hivyo. Nilimchukia Kaka wakati ule. Naandika neno lenyewe, nilimchukia, na asiyelipenda na aruke mstari.

Nikaendelea kujenga. Ninapata wateja wa kushona mchana, jioni nafunga reli. Nilitafuta lami kidogo kwa watu wanaoziba mabati yanayovuja, nikaipaka mbao. Chumba kizima kikanuka. Mama, aliyekuwa amekaa mkekani na tasbihi yake, akainua kichwa.

"Umepaka lami?"

"Nimepaka."

Akanyoosha mkono. Nikamsogeza mezani. Akapapasa mteremko, akapapasa nguzo, akaingiza ukucha kati ya mbao na mbao. Kisha akasimamisha vidole viwili kama miguu, akavitembeza polepole, mwendo wa bibi harusi, kutoka mwanzo wa jukwaa mpaka mwisho, na lami ilikuwa bado mbichi, ikawa inamnata.

"Ndilo," akasema. "Usimwache mtu akasema sikushuka hapa."

Nikamwahidi.

Alifariki masika, asubuhi, baada ya kuswali. Tukamzika siku ile ile alasiri. Ilipofika saa ya kuandaa nyumba, vijana wakatoa kila kitu sebuleni ili wanawake wapate kutandika mikeka, na meza yangu ikatolewa pia, ikawekwa uani chini ya upenu. Sikulalamika. Msiba ni msiba.

Kesho yake ndipo moto ulipowaka. Namaanisha ulipokataa kuwaka, maana mvua ilikuwa imelowesha kuni zote, wapishi wanapuliza mpaka macho mekundu, na watu wanazidi kumiminika. Mimi nimekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa uani, nimejifunika kanga, ninasikia kila kitu. Nikamsikia Kaka anawaambia vijana: "Kuni kavu zimejaa hapo mnaziangalia. Hiyo meza pasueni, ni mlango wa chooni huo. Na hayo mabao juu yake, tieni."

Sasa nifanyeje? Mwanamke mfiwa, mama yake kazikwa jana, ainuke mkekani aende uani kugombana na kaka yake mbele ya watu, kisa treni? Wangesema nimerukwa na akili, na kaka mkubwa ndiye mwenye msiba, neno lake ndilo. Kijana alishachukua shoka.

Na muda huo huo wakaingia watani.

Kwetu msiba bila watani haujawa msiba. Watani wetu wametoka upande wa Kilwa, na hawa walikuwa wamepanda gari alfajiri kutoka Kivinje, wanawake kadhaa wakiongozwa na mama mmoja wa miraba minne ambaye nimemfahamu tangu utoto wangu. Mtani haruhusiwi kukuonea huruma. Anaingia anamsema marehemu, anavaa nguo zake, anamwigiza anavyotembea, anapora vitu, na kitu alichokishika mtani ni chake mpaka kikombolewe kwa anachokitaka yeye. Na kumkasirikia ni mwiko, uwe mdogo uwe mkubwa, uwe shekhe.

Yule mama aliingia analia kwa sauti ya kuku anayetaga. "Jamani bibi huyu mchoyo amekwenda kumhesabia nani chumvi tena!" Wanawake wakaanza kucheka machozi yakiwatoka. Akachukua miwani ya zamani ya Mama, akaivaa, akapora kawa, akapora mwiko. Nami nikaona njia yangu. Nikafunua uso, nikapaza sauti kutoka mkekani:

"Wewe mtani mwizi wa vijiko! Vitu vya maana huvijui! Kuna meza pale uani inataka kutiwa motoni, na najua huna ubavu wa kuigusa!"

Watu wakaguna. Mfiwa hamchokozi mtani, mtani ndiye humchokoza mfiwa. Yeye akageuka akanitazama juu ya miwani ya Mama. Sijui aliona nini usoni mwangu, ila alitoka uani mbio, mwili wote ule, akamkuta kijana ameinua shoka. Akaivua kanga ya begani akaitupa juu ya meza, reli na mabehewa na yote.

"Changu! Atakayepiga shoka apige na mkono wangu!"

Shoka likashuka taratibu. Kaka akaja na tabasamu la kulazimisha. "Mtani, hizo ni kuni."

"Kuni zina magurudumu? Hili dude ni nini?"

"Midoli ya mdogo wangu. Na hicho ni kijukwaa cha uongo, hakikuwepo popote. Mama alikuwa mzee, anachanganya mambo, huyu akamfuata."

Hata mimi sikutegemea angeyasema maneno yale siku ile. Nilisimama. Ndiyo, nilisimama, kanga ikaanguka, nikatoka mpaka mlangoni, na shangazi aliyenivuta gauni nikamwachia kipande cha gauni.

"Mtani," nikasema, "Mama alishuka bibi harusi juu ya mbao hizo. Alizikanyaga, mbuzi wanamtazama kutoka chini. Alinipa kila nguzo kwa mkono wake. Mwanawe anamwita mwongo."

"Udongo wa kaburi haujakauka," mtani akasema polepole, "unamwita mama yako mwongo? Haya. Sufuria liko wapi?"

Pilau ilikuwa imeshaiva kwenye jiko moja waliloweza kuliwasha. Akaenda akakaa juu ya mfuniko. Kwa kweli alikaa, akaikunja miguu. Akasema haipakuliwi sahani, hali mtu, hali imamu, mpaka mwenye msiba akomboe vyake.

Kaka akaleta jogoo. Akakataa. Akaahidi mbuzi. "Mbuzi wako alikuwa chini ya jukwaa, ulimwona?" Watu wakaangua kicheko. Wazee kwenye turubai la wanaume wameanza kugeuza shingo, wamekaa tangu asubuhi, na harufu ya pilau imewafikia.

"Unataka nini basi?" Kaka akauliza.

"Sema mama yako alishuka juu ya mbao."

Nilimtazama kaka yangu. Mtu mzima mwenye wajukuu, amesimama na jogoo kwapani, mvua nyepesi imeanza tena, mtaa mzima unamtazama. Hasira huwezi kuionyesha kwa mtani. Kucheka hawezi.

"Alishuka," akasema kwa chini.

"Sisikii mimi! Na marehemu hasikii, yuko mbali!"

"Alishuka!"

"Juu ya nini?"

"Juu ya mbao! Lilikuwa la mbao! Mama alishuka juu ya mbao!" Alipiga kelele mpaka jogoo akaruka. Na lilipomtoka neno hilo, Kaka, ambaye makaburini hakutoa chozi, ambaye alisimamia jeneza na sanda na maji bila kutetereka, alikaa chini kwenye tope akalia kwa sauti, analia "Mama, Mama" kama mtu aliyepewa habari sasa hivi.

Wanawake waliobaki ndani nao wakalipuka kwa kilio. Mtani akanyanyuka kwenye mfuniko, akavua ile miwani akaifuta, akasema pakueni, watu wapate kula.

Mimi sikumbembeleza. Sikumwambia yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha, na kama aliamini au aliona haya mbele ya wenye njaa mpaka leo sijui na sijamuuliza. Nilitoka na miguu mitupu, nikapita kwenye tope mpaka chini ya upenu, nikaikunja kanga ya mtani nikamrudishia. Jukwaa lilikuwa zima. Nikashika meza upande wangu.

"Kaka," nikamwita. "Shika huko. Inarudi sebuleni."

Akashika.